Uzi wa dharura Arusha na Moshi: namba tunazo, kuelekeza ndiko kunatushinda

DerevaWaZamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naendesha gari la wagonjwa hapa Arusha, hospitali ya binafsi, jina lake tuliache. Ile picha ya namba za dharura naiona inazunguka tena kwenye magrupu. Ni nzuri, endeleeni kuisambaza. Ila inaishia pale kazi yangu inapoanzia.

Namba zenyewe, kwa ambaye hana: 112 ni polisi na dharura kwa ujumla. 114 ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. 115 ni usafiri wa wagonjwa, na ndiyo inayobeba mfumo wa m-mama, ule wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. 116 ni ya watoto: mtoto anapigwa, ananyanyaswa, ameokotwa hajulikani kwao, unapiga hiyo saa yoyote. Zote ni bure, simu haihitaji salio. 911 ni ya Marekani, waambieni watoto wenu wanaoangalia filamu.

Sasa sikilizeni simu inavyokuwa saa nane za usiku:

– Haloo, njooni haraka, mama anakata roho!
– Pole ndugu. Upo wapi?
– Hapa Kwa Mrombo.
– Kwa Mrombo sehemu gani?
– Hapa hapa, ukishuka tu kwenye gari.
– Nikishuka natokea FFU au natokea wapi?
– Wewe njoo bwana, ukifika uliza kwa Mama Anna, wote wanamjua!

Kisha anakata. Saa nane usiku nimuulize nani kwa Mama Anna? Nampigia, simu inatumika, kwa sababu muda huo anawapigia ndugu zake wa Rombo kuwapa taarifa. Mimi nipo barabarani na king'ora, taa zinazunguka, sijui nakata kona ipi.

Mji wetu huu ni wa "kwa fulani". Kwa Mrefu, Kwa Iddi, Kwa Msola, Kwa Mrombo. Kila "kwa" mojawapo ina watu wengi kuliko kijiji kizima. Kwa hiyo mtu akikuuliza upo wapi, anza na kubwa ushuke kwenye dogo: mji, kata, barabara ya lami iliyo karibu, unaingilia upande gani ukitokea mjini, halafu kitu kimoja ambacho hakihami. Kanisa, msikiti, shule, mnara wa simu, daraja. Usiniambie "pale kwa muuza chipsi", usiku hayupo. Usiniambie "kwenye lile gari bovu", wenyewe wakishalivuta nimepotea.

Halafu toeni mtu asimame kwenye lami, ambapo njia ya vumbi inaanzia. Awe na tochi ya simu, awe na namba yangu. Huyo mtu mmoja ananiokolea muda kuliko ramani yoyote. Na usikate simu mpaka uliyempigia akuambie kata.

Nipo, ulizeni.

---

Mangi_wa_Pasua

Mkuu umenichekesha ila umenigusa. Huku Moshi ni yale yale, mtu wa Pasua anakuelekeza kwa kutumia grosari tatu ambazo mbili zilishafungwa.

Swali: nikiwa porini huko, simu inaandika dharura tu, hakuna mtandao wangu, nikipiga 112 inaenda?

---

DerevaWaZamu

@Mangi_wa_Pasua ukiona simu imeandika hivyo, maana yake mnara wa kampuni nyingine upo karibu ila si wako. 112 simu imetengenezwa iipitishe kwenye mnara wowote unaopatikana. 114 na 115 hazina upendeleo huo, zinahitaji mtandao wako mwenyewe. Ukikwama, piga 112, eleza shida, waombe wakuunganishe.

Kingine watu hawakifikirii: kwenye namba za tarakimu tatu huwezi kutuma "location" ya WhatsApp. Hiyo inafaa ukiwa na namba ya mkononi ya hospitali au ya dereva. Ukipiga 114, mdomo wako ndiyo ramani.

---

Mtendaji_Mstaafu

Vijana, kuna jambo mmelisahau. Mwaka 2022 serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi na Postikodi nchi nzima. Mitaa ikapewa majina, nyumba zikabandikwa vibao vya namba, na upo mfumo wa NaPA ambao unaingia kwa simu unaona anwani yako. Nilitembea kata nzima na vijana wa kuandikisha, mvua na vumbi. Leo ukimuuliza mtu namba ya nyumba yake anakutazama kama umemuuliza namba ya kiatu cha babu yake. Wengine kibao kimefunikwa na maua ya uzio, wengine waliking'oa walipopaka rangi geti.

Andikeni namba ya nyumba na jina la mtaa nyuma ya mlango wa sebuleni, kwa maandishi makubwa. Mgeni akiwa peke yake na mgonjwa, au dada wa kazi aliyekuja juzi kutoka Singida, atasoma pale pale.

---

DerevaWaZamu

@Mtendaji_Mstaafu shikamoo mzee. Hilo la nyuma ya mlango nimelichukua. Dada wa kazi ndiye anayepiga simu mara nyingi mchana, wenye nyumba wako kazini, na mtaa haujui jina.

---

Chalii_wa_Chuga

Tusidanganyane. Hizo namba unapiga inaita mpaka inakata. Mimi jirani yangu alianguka kutoka juu ya paa, nikapiga namba moja hapo (sitaitaja), hola. Tukampakia kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, tukaenda hospitali ya Mount Meru. Nani ana muda wa kungoja? Bodaboda ipo mlangoni, unampakata mgonjwa katikati mnaondoka.

---

DerevaWaZamu

@Chalii_wa_Chuga sikukatalii kaka. Magari ya wagonjwa ni machache, na kuna saa unapiga hupati jibu. Piga tena, na huku mwingine anatafuta usafiri. Anayevuja damu sana na hospitali ipo jirani, mwenye kiharusi, mtoto anayepumua kwa shida, mpakie kwenye gari lolote twende.

Ila huyo wa juu ya paa ndiye nisingetaka umguse. Aliyeanguka kutoka juu, au ametolewa kwenye ajali, na analalamika shingo au mgongo, au hasikii miguu, ukimkunja katikati ya bodaboda unaweza kumkata uti wa mgongo ambao ulikuwa bado mzima. Mlaze alivyo, mmoja ashike kichwa kisitikisike, mfunikeni, mngoje. Ikishindikana kabisa, ng'oeni mlango au tafuteni ubao mpana, mumlaze na mumwinue watu wanne kwa pamoja kwa hesabu moja, ndipo mmuweke nyuma ya kirikuu. Na kirikuu kiende taratibu! Nimeona watu wanakimbiza mgonjwa kwenye matuta ya Sombetini mpaka wanamrusha.

---

Chalii_wa_Chuga

Hapo sawa. Mzee wa watu yupo, anatembea na fimbo. Sikuwahi kuwaza la ubao.

---

Nesi_Mkunga_KLM

Nimefanya kazi ya ukunga miaka mingi Kilimanjaro, ngoja niongeze la 115 maana watu hawalielewi.

M-mama ni ya mjamzito, ya mama aliyejifungua mpaka siku 42, na ya mtoto mchanga mpaka siku 28. Usafiri ni bure. Ukipiga, anayepokea atakuuliza maswali: mimba ya miezi mingapi, damu inatoka kiasi gani, amepoteza fahamu, mtoto ametoka au bado. Msimtukane. Watu wanadhani anapoteza muda, kumbe majibu yako ndiyo yanayomwambia akutumie gari la aina gani na mgonjwa apelekwe kituo gani. Gari la wagonjwa likiwa mbali, wana madereva wa kijamii walioandikishwa, watu wa kawaida wenye magari yao, na malipo yao yanatumwa kwa simu baada ya kumfikisha mama. Kwa hiyo usishangae ukiona Noah ya jirani yako wa mtaa wa pili inapiga honi getini. Ndiyo yenyewe, panda.

Dalili za kutongoja asubuhi: kichwa kinauma sana kisichotulia, macho yanaona ukungu au vimulimuli, uso na mikono vimevimba, maumivu juu ya tumbo. Hicho ni kifafa cha mimba kinabisha hodi. Akianza kutetemeka mlaze kwa ubavu wa kushoto, ondoa vitu vya kumgonga, usimtie kijiko mdomoni. Damu kutoka kwa mjamzito, hata kidogo, ni ya kupigia simu.

Mama mkwe anayesema "mimi nilizaa saba nyumbani" mpeni chai akae.

---

Mama_Kiboriloni

Nesi hapo mwisho umeua 😂 Mimi nina wangu.

Naomba niseme la jiko la mkaa kwa sababu Juni na Julai baridi ya huku inatutoa akili. Mtu anaingiza jiko chumbani, anafunga dirisha, anaziba na upenyo wa mlango kwa kanga, analala na watoto. Kwetu Kiboriloni tuliwahi kuvunja mlango wa wapangaji, tukawakuta hawaamki, midomo imekauka, mmoja anakoroma kwa shida. Watu wakaanza kutafuta maziwa wawanyweshe. Nesi tuelekeze, maziwa yanasaidia nini?

---

Nesi_Mkunga_KLM

Hayasaidii kitu, na mtu asiyejitambua ukimnywesha yanaingia kwenye mapafu. Ile ni hewa ya sumu, haina harufu wala rangi, na imeshaingia kwenye damu. Fungua milango na madirisha, toa jiko, toa watu nje kwenye hewa. Anayepumua mlaze kwa ubavu. Halafu hospitali, hata kama ameamka anasema yuko salama kichwa tu kinauma. Anahitaji oksijeni. Na ukiingia kuwatoa, vuta pumzi nje kwanza, usikae humo ndani ukiuliza "jamani kulikoni".

---

FundiGesi_Majengo

Ya gesi tofauti kidogo na hiyo, maana ya mtungi ina harufu, imewekwa makusudi ili uinuse. Ukirudi nyumbani ukakuta jiko linanuka, usiwashe taa. Na kama ilikuwa imewaka usiizime, swichi ikigusana inatoa cheche. Funga koki ya mtungi, fungua milango, tokeni. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kukaa kwenye kona, kwa hiyo mtoto aliyelala kwenye godoro la chini atolewe kwanza. Simu ya 114 ipigwe ukiwa nje, mbali, si jikoni.

Na moto ukishawaka: zima umeme kwenye meni swichi kabla ya kumwaga maji. Mafuta ya kukaangia yakishika moto usiyamwagie maji kabisa, zima jiko, funika kwa mfuniko wa sufuria au blanketi zito lililoloweshwa na kukamuliwa.

---

Mangi_wa_Pasua

Zimamoto si ndio hao wanakuja nyumba imeshakuwa majivu, tena bila maji?

---

FundiGesi_Majengo

@Mangi_wa_Pasua hilo tunalisema wote, ila jiulize uliwapigia saa ngapi. Mtaani kwetu moto ukianza, wa kwanza anachukua video, wa pili anaita watu, wa tatu anabeba ndoo. Zimamoto wanapigiwa paa likishaanza kudondoka. Halafu wanafika kwenye uchochoro wenye meza za nyanya na gari la mtu limeegeshwa katikati. Lile gari lao ni pana, na maji ya tangi yakifunguliwa kwa nguvu hayachukui muda yanaisha, lazima wakajaze. Ukiwapigia waambie kinachoungua ni nini, kuna mtu ndani au hakuna, gari kubwa linapita au halipiti.

Tena si moto tu. Sheria yao ya 2007 inawaita Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mtu ametumbukia kisimani, kwenye shimo la choo, amebanwa kwenye gari la ajali, hao ndio wenyewe. Na huduma yao hailipiwi, mtu akikuomba hela ya mafuta kata simu umpigie mkubwa wake.

---

Bibi_wa_Uru

Wajukuu zangu nawasoma. Nyie mna lami. Huku Uru juu gari linaishia kanisani, ukitoka hapo ni njia ya miguu ndani ya migomba, masika ni utelezi mtupu. Tufanyeje?

---

DerevaWaZamu

@Bibi_wa_Uru shikamoo bibi. Huko ukipiga simu usimwelekeze dereva mpaka nyumbani, atazama kwenye matope. Chagueni mahali pa kukutania ambapo gari linafika hata mvua ikinyesha, hapo kanisani panafaa. Mwambieni dereva aje pale, nanyi mteremsheni mgonjwa kwa machela. Fito mbili imara na magunia mawili yaliyotobolewa pembe vinatosha. Wabebaji wawe zaidi ya wanne wapokezane, miguu ya mgonjwa itangulie mnaposhuka ili kichwa kibaki juu.

Na ule utaratibu wa zamani wa kupiga yowe kihamba hadi kihamba, yaani shamba la nyumbani hadi la jirani, msiuache. Huko juu yowe linafika kabla ya simu.

---

Mfugaji_Monduli

Mimi naongelea nyoka. Mtu akiumwa, watu wanachanja wembe, wengine wanafunga kamba mpaka mguu unakuwa mweusi. Acheni. Mtulize, mvue pete, saa, viatu na bangili kabla hajavimba, funga mguu usitikisike kama unavyofunga uliovunjika, angalia saa imetokea lini, muondoke. Asitembee mwenyewe. Na msimkimbize nyoka kichakani mkaongeza mgonjwa wa pili. Kwa upande wetu wa barabara ya Dodoma, pale Meserani Snake Park wana zahanati ambayo imetibu watu wengi walioumwa.

---

Mwalimu_Njiro

Samahani naingilia. PF3 inakuwaje? Tulifika na majeruhi wa bodaboda mahali fulani, dirishani tukaambiwa "leteni PF3 kwanza". Damu inachuruzika sakafuni.

---

Mtendaji_Mstaafu

@Mwalimu_Njiro PF3 ni fomu ya polisi ya majeruhi wa ajali, kupigwa, kuchomwa kisu na kadhalika. Ina kazi yake kwenye kesi na bima. Lakini serikali imeshatoa maelekezo kwamba majeruhi ahudumiwe kwanza, fomu ifuate. Gawaneni: wawili na mgonjwa, mmoja kituo cha polisi. Dirishani wakigoma, usibishane na karani, ulizia daktari wa zamu au mganga mfawidhi, sema kwa sauti ya kawaida kwamba huyu ni mgonjwa wa dharura.

Halafu kila kata siku hizi ina Mkaguzi wa Polisi Kata. Namba yake ipo ofisi ya mtendaji, nenda kaichukue mchana ukiwa mzima. Yeye anajua mtaa wenu, huhitaji kumweleza Kwa Mrombo ni wapi.

---

Chalii_wa_Chuga

Mkuu DerevaWaZamu, tupime basi. Mimi naandika, wewe sema kama umefika: "Arusha mjini, kata ya Muriet, barabara ya FFU kwenda Kwa Mrombo, ukitokea FFU kata kushoto kwenye shule ya msingi, nyumba ya tatu, geti la bluu, nasimama barabarani."

---

DerevaWaZamu

Karibu. Shule ya msingi ipi, jina? Nyumba ya tatu kulia au kushoto? Ukinipa hayo mawili nimefika.

---

Mama_Kiboriloni

Na mimi: "Moshi, Kiboriloni, barabara ya Himo, ukitokea mjini ukishapita soko ingia mkono wa kushoto, nenda mpaka msikiti, nyumba inatazamana na msikiti, ina taa nje."

---

DerevaWaZamu

Umefaulu mama. Taa iwashwe kweli.

---

Mwalimu_Njiro

Kitu kimoja cha masika. Aprili 2024 wote tunakumbuka gari la shule lililosombwa na maji kule Sinoni. Korongo likijaa, msiingie na gari kumkimbizia mgonjwa hospitali, hata kama dereva anasema analijua. Maji ya kahawia hayaonyeshi kama barabara bado ipo chini. Zungukeni, au pigeni 114 mkiwa upande wenu.

---

Mangi_wa_Pasua

Dereva, la mwisho nisikuchoshe. Ukifika getini, kitu gani kinakukwamisha kuliko vyote?

---

DerevaWaZamu

Mbwa. Nafika, geti limefungwa kwa kufuli, ufunguo anao baba aliyeko safari, na ndani kuna mbwa wawili hawajafungwa. Mgonjwa namsikia anagugumia. Ukishapiga simu tu, fungeni mbwa, fungueni geti lote wazi, egesha gari lenu nje ili langu liingie kinyumenyume. Kadi ya kliniki, dawa anazotumia na bima viwe kwenye mfuko mmoja mkononi mwa atakayepanda nami. Mmoja tu anapanda, si ukoo mzima.